Akili ni Nywele

Mwanzoni mwa mwaka 1796, katika kituo cha falaki cha Greenwich kando ya London, msaidizi mmoja aliachishwa kazi kwa kosa la kuchelewa. Wala si kuchelewa kufika kazini: alichelewa kuiona nyota, kwa sehemu nane za kumi za sekunde.

Jina lake David Kinnebrook. Mkuu wake alikuwa Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa mfalme, na kazi yao ilikuwa kupima nyota inapita saa ngapi hasa juu ya kituo. Ndani ya darubini palinyooshwa nyuzi nyembamba sana. Mwangaliaji alitupa jicho kwenye saa, akashika sekunde, akarudisha jicho kwenye darubini, kisha akawa anahesabu kwa sikio: tik, tik, tik. Nyota nayo haingoji mlio wa saa. Hukatiza uzi kati ya mlio mmoja na mwingine, na hapo mwangaliaji hujikadiria mwenyewe: hii tatu za kumi, hii saba za kumi. Watu walisema nyota inapimwa kwa darubini na saa, lakini kipande cha mwisho cha chombo kilikuwa kichwa cha binadamu.

Kinnebrook aliajiriwa mwaka 1794, na mwanzoni hesabu zake zilipatana na za mkubwa wake. Agosti 1795 akaanza kubaki nyuma kwa nusu sekunde. Akaonywa. Kufikia Januari pengo lilikuwa limepanuka badala ya kuziba. Anayengoja daladala Mwenge, Dar es Salaam, atacheka: sehemu nane za kumi za sekunde ni kitu gani? Lakini kwenye ikweta dunia huzunguka karibu mita 465 kila sekunde, na ramani za mabaharia zilitegemea vipimo vya vituo kama hicho. Maskelyne aliandika kwa masikitiko kwamba kijana alikuwa mwenye bidii na msaada mkubwa, ila ameshika njia mbovu ya kutazama. Akamwachisha. Swali la kama huenda anayewahi ni bosi mwenyewe halikuulizwa.

Lilikuja kuulizwa miaka ishirini baadaye huko Königsberg, mji wa Prussia, na mwanafalaki Friedrich Bessel, aliyekikuta kisa hicho katika maandishi. Bessel alikaa na wenzake, wakapima nyota kwa zamu, wakalinganisha. Kati yake na mwenzake mmoja tofauti ilizidi sekunde nzima, na wote wawili walikuwa mabingwa wa kazi. Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alikuwa na kuchelewa kwake, kama alivyo na sauti yake. Wanafalaki wakaipa tofauti hiyo jina, mlinganyo wa mtu binafsi, wakawa wanaitoa kwenye hesabu kama muuza asali mwaminifu anavyotoa uzito wa chupa. Wao walitaka nyota. Kichwa kilikuwa uchafu kwenye kioo. Kinnebrook hakupata kuyasikia haya. Alikuwa amefariki mwaka 1802.

Kisa hiki kidogo kitarudi zaidi ya mara moja katika simulizi hii, kikiwa kimebadili nguo.

Königsberg hiyohiyo ndiko alikokuja kufundisha Hermann Helmholtz. Hadi miaka ya 1840 wataalamu wakubwa, akiwamo mwalimu wake Johannes Müller, waliona kwamba mwendo wa ujumbe ndani ya mshipa wa fahamu hautapimika kamwe, kwa kuwa ni wa kasi mno. Helmholtz alichukua msuli wa mguu wa chura ukiwa bado na mshipa wake, akaunganisha mkondo wa umeme ulioanza kupita pale mshipa ulipochokozwa na kukatika pale msuli ulipojikunja. Sindano ya galvanometa ikaeleza umeme umepita kwa kitambo gani. Mkewe, Olga, alikaa kando akiandika namba. Kisha akachokoza mshipa mahali pa mbali zaidi na msuli, akapima tena, akatoa ndogo kwenye kubwa. Mwaka 1850 jibu likatoka: kiasi cha mita 27 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya basi la mikoani likiwa na dereva mkaidi. Umeme wa nyaya za simu za maandishi, zilizokuwa zikitandazwa Ulaya wakati huohuo, uliuacha ujumbe wa mwili mbali sana.

Mtu ukishaambiwa kwamba ujumbe wa mwilini una mwendo, utauliza: na kufikiri je, nako kunachukua muda gani? Daktari wa Utrecht, Uholanzi, Franciscus Donders, aliliuliza swali hilo akiwa na mwanafunzi wake Johan Jacob de Jaager mnamo 1865. Walimfunga mtu nyaya kwenye miguu yote miwili. Akichokozwa mguu wa kushoto alitakiwa kuitikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia kwa wa kulia. Alipojua mapema mguu upi utachokozwa, aliitikia upesi. Alipokuwa hajui, alichelewa kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde zaidi. Donders akasema: huo muda wa ziada ndio muda wa kuamua. Baadaye akafanya vilevile kwa sauti, mtu mmoja akitamka silabi kama “ki” na mwenzake akiirudia, huku kalamu ya chombo ikichora mitetemo ya sauti za wote wawili.

Kanuni yake tunaijua sokoni. Pima gunia na mpunga, pima gunia tupu, toa. Waliomfuata walimpinga, na naona walikuwa na haki, kwamba kichwa si gunia: ukiongeza kazi moja, zile za mwanzo nazo hubadilika. Hata hivyo kanuni hiyo ya kutoa haijafa mpaka leo. Tutaikuta tena ndani ya mashine ya mabilioni ya shilingi.

Baada ya Donders ilikuwa zamu ya fundi saa. Matthäus Hipp, Mjerumani aliyefanya kazi zake Uswisi, alikuwa tayari ameunda saa yenye kusoma sehemu ya elfu moja ya sekunde, na Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake Leipzig mwaka 1879, saa hiyo ikawa mezani. Wanafunzi walitoka nchi nyingi kwenda kujifunza hapo, wakarudi kwao wakiwa na saa za Hipp ndani ya masanduku. Kwa kizazi kizima, kuichunguza akili kulimaanisha kuihesabia muda, kwa sababu muda ndicho kitu ambacho chombo cha kukipimia kilikuwepo. Angekuwepo fundi mizani badala ya fundi saa, huenda elimu hii ingeanza kwa njia nyingine.

Na fundi mizani kweli alikuwepo. Aliitwa Angelo Mosso, wa Turin, Italia.

Mosso alizaliwa mwaka 1846, na kilichompendeza ni damu. Mwaka 1877 mkulima mmoja, Michele Bertino, alipasuliwa fuvu na tofali lililomwangukia kutoka juu. Alipona, lakini fuvu likabaki na tundu, na kupitia ngozi ya tundu hilo ubongo ulionekana ukidunda kama utosi wa mtoto mchanga. Mosso akafunika tundu kwa kibao kilichokaa sawasawa na kichwa, akakiunganisha kwa mrija na kalamu, kalamu ikachora mdundo huo juu ya pipa dogo lililozunguka taratibu, limevishwa karatasi ya masizi. Pipa hilo lilibuniwa na mwanafiziolojia Carl Ludwig miaka thelathini kabla, kwa ajili ya kupima shinikizo la damu.

Siku moja kengele ya kanisa ikalia mchana, wakati kalamu iko kazini, na mchoro wa ubongo ukainuka. Mchoro wa mkono, uliochukuliwa wakati uleule, ulibaki palepale. Mosso alimuuliza kama kengele imemkumbusha sala ya Salamu Maria. Bertino akajibu ndiyo, na ubongo ukainuka tena. Safari nyingine Mosso alimwomba azidishe 8 kwa 12. Kalamu ikapanda baada ya muda mfupi. Nadhani hakuna ukurasa katika historia ya elimu hii unaogusa kama huo: mkulima amekaa kitini, kengele inalia nje, na sala ambayo hakuitamka kwa mdomo inajiandika yenyewe juu ya masizi.

Lakini wenye matundu ya fuvu ni wachache, nao wanastahili kuachwa wapumzike. Mosso alitaka kumpima mzima. Katika miaka ya 1880 aliunda kitanda cha mbao kilichokaa juu ya ukingo wa chuma kama mtoto anavyobembea kwenye ubao wa pembea: kichwa huku, miguu kule. Mtu alilazwa, akangojwa mpaka damu itulie mwilini, mizani ikasawazishwa kwa vyuma. Kupumua peke yake kulitosha kuiyumbisha, kwa hiyo akaweka uzito maalumu wa kuituliza. Kisha mtu akapewa kazi ya kufikiri. Kama damu inakimbilia ubongoni kunapokuwa na kazi, alisema Mosso, upande wa kichwa lazima ushuke. Na ukashuka. Jamaa zake, kwa maelezo ya binti yake, waliiita mashine ya kupima roho, na gazeti moja la Ufaransa lilikuja kuitabiria makubwa. Magazeti hayajabadilika sana.

Mizani ikasahauliwa. Wengi walidhani ni kichekesho, mpaka maandishi ya Mosso yalipofukuliwa na kutafsiriwa zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walieleza jinsi walivyoiunda upya kwa vifaa vya kisasa. Mtu alipochezewa sauti na kuonyeshwa picha, upande wa kichwa uliongezeka uzito, kidogo sana, lakini uliongezeka. Yule Mtaliano hakuwa akiota.

Wazo lenyewe, kwamba damu hufuata kazi, liliendelea kujitokeza hata bila mizani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 baharia mmoja alifika hospitalini Boston akilalamika kwamba anasikia mvumo kisogoni. Mishipa ya damu sehemu ya nyuma ya ubongo wake ilikuwa imevimba na kusokotana. Mvumo, alisema, unazidi akisoma gazeti. Daktari John Fulton aliweka sikio, na kweli: mtu akifumba macho mvumo unapungua, akisoma unapanda, akinusa kitu chenye harufu kali haubadiliki. Sehemu ile ya ubongo ni ya kuona. Baharia alikuwa akisikia damu ya macho yake mwenyewe.

Sasa turudi nyuma kidogo, Ujerumani, kwa mtu ambaye simulizi yake ni ngumu kuisimulia bila kusitasita.

Mapema miaka ya 1890 Hans Berger alikuwa kijana katika jeshi la farasi. Farasi aliinuka kwa miguu ya nyuma, Berger akaanguka mbele ya gurudumu la mzinga uliokuwa ukikokotwa. Gurudumu lilisimama kabla ya kumsaga. Jioni hiyo ikafika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake: dada yake ameingiwa na hofu ghafla kwamba Hans amepatwa na jambo, je, ni mzima? Familia haikuwahi kumpelekea simu ya namna hiyo kabla. Berger aliamini mpaka kufa kwamba wakati wa hatari ubongo wake ulituma ujumbe na ubongo wa dada yake ukaupokea. Angalia zama zilivyomshika mkono: aliishi katika dunia ya nyaya za simu na, muda si mrefu, redio, akaufikiria ubongo kuwa kituo cha kupeleka na kupokea. Babu zake pengine wangesema ni malaika.

Aliacha farasi, akasomea udaktari, akaingia kliniki ya magonjwa ya akili ya Jena na hakutoka tena. Alianza kwa njia za Mosso, mdundo wa damu na joto la ubongo, miaka kwa miaka, bila mafanikio ya kutangaza. Akageukia umeme. Umeme wa ubongo wa wanyama ulikuwa umejulikana tangu 1875, kwa kazi ya Mwingereza Richard Caton. Kwa binadamu tatizo lilikuwa udogo wake: ni sehemu za milioni za volti, na juu yake kuna fuvu na ngozi. Tarehe 6 Julai 1924, wakati wa upasuaji wa kijana wa miaka 17 ambaye sehemu ya fuvu lake ilikuwa imefunguliwa, galvanometa ya Berger ilitikisika. Galvanometa za aina hiyo zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya moyo.

Alingoja miaka mitano kabla ya kuchapisha. Alikuwa mtu wa ratiba kavu, asiyezungumza na wenzake kuhusu kazi hiyo, na mwenye mashaka: huenda ni mapigo ya moyo, huenda ni misuli, huenda ni meza inatetemeka. Mwanawe Klaus alikaa mbele ya mashine mara 73. Mwaka 1929 Berger akatangaza. Mtu akiwa macho lakini amefumba na kutulia, ubongo hutoa mawimbi makubwa, kama kumi kwa sekunde. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kichwa, mawimbi makubwa yanatoweka na mistari inakuwa midogo ya haraka. Hili liliwashangaza watu. Walitegemea ubongo unaofanya kazi upige kelele zaidi. Badala yake ule uliopumzika ndio ulioimba kwa pamoja.

Wengi hawakumwamini hadi mwaka 1934, pale Edgar Adrian wa Cambridge, aliyekuwa na tuzo ya Nobel tayari, aliporudia jaribio akishirikiana na Bryan Matthews, na yeye mwenyewe kukaa kitini kichwa kimefungwa nyaya. Kuanzia hapo EEG, yaani mchoro wa umeme wa ubongo, ikaenea hospitalini, na kwa wagonjwa wa kifafa ikawa neema. Kwa lile swali lake la kwanza Berger hakupata chochote. Umeme aliouona ulikuwa dhaifu mno kuvuka chumba, seuze kuvuka mkoa hadi kwa dada.

Laiti ningeishia hapo. Katika miaka ya utawala wa Hitler Berger alikaa kama mjumbe katika mahakama za urithi, zile zilizoamua mgonjwa yupi afungwe uzazi kwa nguvu. Kwa muda mrefu vitabu vilimchora kama mhanga wa utawala huo. Nyaraka zilizochunguzwa baadaye zimesema vingine. Alijiua tarehe 1 Juni 1941, akiwa katika huzuni kali ya ugonjwa. Aliyetumia maisha yake kuthibitisha kwamba ubongo wa mtu unaweza kumwonea uchungu mwingine kwa mbali alikaa kwenye meza iliyowahukumu wagonjwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kompyuta iliingia, na safari hii chombo kilifanya jambo jipya: kabla hata ya kupima akili, kiliikopesha akili lugha. Tukaanza kusikia kwamba kichwa kinapokea taarifa, kinazichakata, kinazihifadhi. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba, viwili zaidi au viwili pungufu, akizungumza kama mhandisi wa njia za simu. Hata sisi tumo. Kijana wa mjini akichoka na masomo husema ubongo umestaki, neno alilolitoa kwenye simu yake ya mkononi.

Na damu ya Mosso ikarudi, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walikuwa wameonyesha kwamba hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile isiyobeba hutenda tofauti mbele ya sumaku. Ilikuwa kemia tupu. Mashine za MRI, zinazopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, zilipokuja, Seiji Ogawa, Mjapani aliyefanya kazi katika maabara ya Bell, New Jersey, maabara iliyoanzishwa na kampuni ya simu, aliona kwenye bongo za panya kwamba mishipa yenye damu isiyo na oksijeni inatokeza kama mistari myeusi. Ilikuwa mwaka 1990. Miaka miwili tu baadaye makundi kadhaa ya Marekani, likiwamo la Kenneth Kwong huko Boston, yalitoa picha za binadamu aliyelala ndani ya sumaku akitazama mwanga, sehemu ya kisogo ikiwaka. Hakuna sindano, hakuna dawa, hakuna tundu la fuvu.

Ulimwengu ulishikwa na homa. Ndani ya miaka kumi palikuwa na picha za ubongo unaopenda, unaosali, unaodanganya, unaonunua soda. Madoa mekundu na ya manjano juu ya kijivu yalipendeza mno magazetini, na wasomaji waliyadhania kuwa picha ya fikra yenyewe. Sivyo. Mashine hupiga picha ya damu mtu akifanya kazi fulani, inapiga ya damu akifanya kazi nyingine, kisha inatoa. Gunia na mpunga, gunia tupu: ni Donders yuleyule wa Utrecht. Na damu ni mvivu. Hufikia kilele sekunde kama tano baada ya seli kufanya kazi. Kinnebrook alifukuzwa kwa sehemu nane za kumi.

Aliyeitia adabu homa hiyo alikuwa samaki. Mtafiti wa Marekani, Craig Bennett, na wenzake walinunua samoni mzima, wakamlaza ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu katika hali mbalimbali na kumuuliza, kwa taratibu zote za utafiti, watu hao wanajisikiaje. Samaki alikuwa amekufa. Walipochambua picha kwa njia ambayo bado ilikuwa ikitumiwa na baadhi ya watafiti, sehemu ndogo ya ubongo wa samaki ikawaka nyekundu. Waliwasilisha matokeo hayo mwaka 2009, na mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya sayansi inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kosa ni la hesabu, wala si la sumaku. Picha moja ya MRI hugawanywa katika vijichemba zaidi ya laki moja, na kila kimoja huulizwa swali lake. Wape watu elfu kumi shilingi, kila mtu arushe mara kumi: watapatikana kama kumi watakaopata kichwa mara zote, na hakuna uchawi uliofanyika. Kuna njia za kusahihisha hilo, na Bennett alitaka tu kila mtu azitumie. Mwaka 2016 Anders Eklund wa Sweden na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walichukua picha za watu 499 waliolala tu bila kazi yoyote, wakazigawa makundi ovyo na kuyalinganisha, jambo ambalo halikupaswa kuonyesha tofauti. Kwa mipangilio fulani, programu zilizotegemewa na wengi zilitoa tofauti za uongo hadi asilimia 70. Watetezi wa programu hizo walisema makadirio ya kwanza ya kundi la Eklund kuhusu idadi ya tafiti zilizoharibika yalitiwa chumvi, na kundi hilo likayarekebisha. Lakini programu pia zilirekebishwa.

Mimi kinachonisumbua zaidi kiko mahali pengine. Ili doa lionekane, picha za watu kadhaa hulazwa moja juu ya nyingine na kutafutiwa wastani, na kichwa ambacho hakilingani na vingine huvutwa mpaka kilingane. Ni mlinganyo wa mtu binafsi ukitolewa kwenye hesabu kama siku za Bessel, ila safari hii anayetafutwa ni mtu mwenyewe, hakuna nyota. Na ni watu gani? Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu washiriki wa tafiti katika majarida makubwa ya saikolojia, na ikatoka kwamba asilimia 96 walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Huyo ndiye “binadamu” wa vitabuni.

Sehemu ya sababu ni bei. MRI ya kawaida hutaka chumba cha pekee, umeme usiokatika na heliamu ya kimiminika. Mbarara, Uganda, walijaribu njia nyingine: mwaka 2022, kundi la Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha papo hapo mashine ya sumaku za kudumu, dhaifu mara nyingi kuliko zile kubwa, kwa siku 11. Lengo lake ni watoto wenye maji kichwani, wala si falsafa ya fikra. Picha zake zina ukungu ukilinganisha na za Boston. Kwa daktari anayetaka kujua maji yako wapi, zinatosha.

EEG ni rahisi zaidi. Mashine yake unaweza kuibeba begani. Kikwazo chake ni cha ajabu. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na kofia zinazouzwa zilibuniwa kwa nywele nyembamba zilizolala. Kwa nywele za kipilipili, rasta, au kichwa kilichosukwa, elektrodi hukaa juu ya nywele kama kuku juu ya kichaka, na mchoro unaotoka umejaa kelele. Mtafiti hufanya nini? Mara nyingi data za mtu huyo hutupwa, au haitwi kabisa tangu mwanzo. Hakuna anayemwita mzembe, lakini anaondoka maabarani kwa mlango uleule wa Kinnebrook: hesabu zake hazipatani na chombo.

Wahenga waliosema akili ni nywele, kila mtu ana zake, hawakuwa na habari za elektrodi.

Arnelle Etienne alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alipoligeuza tatizo hilo. Mpangilio wa kimataifa wa kuweka elektrodi kichwani, uliopendekezwa na Herbert Jasper mwaka 1958, hufuata mistari kutoka paji la uso hadi kisogoni na kutoka sikio hadi sikio. Etienne aliona kwamba nywele zikisukwa mistari minyoofu kwa kufuata ramani hiyo, ngozi hujiweka wazi palepale inapohitajika. Akabuni na vibanio vinavyoingia chini ya misuko na kusukumwa na misuko yenyewe, ili elektrodi ikandamizwe kichwani bila gundi nyingi. Aliviita Sevo, neno la Krioli ya Haiti lenye maana ya ubongo. Yeye na wenzake walichapisha vipimo mwaka 2020: mguso ulikuwa bora kuliko wa elektrodi za kawaida kwenye nywele hizohizo.

Kwa hiyo pale kazi haianzi na mashine. Inaanza na chanuo. Mpimwaji anakaa kwenye kiti, msusi anasimama nyuma yake, anagawa nywele, anavuta mstari kutoka mbele hadi kisogoni, anahamia wa pili, anauliza kama inauma. Mtindo wenyewe kina mama wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Wanauita twende kilioni. Ukiisha mstari wa mwisho, ndipo mashine inawashwa.